Kura ya shambani, vifurushi vitatu, kamati au baraza: njia ipi itafikisha neno la mkulima kwa mtafiti?

Mkulima wa maharage wa Arumeru au Hai hana uhaba wa watafiti jirani. TARI Selian, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kilichotoa aina za maharage za Selian 94 na Selian 97, kiko pembeni tu ya jiji la Arusha. TARI Tengeru wanashughulika na mboga na matunda, na Kituo cha Dunia cha Mboga kina ofisi ya kanda hapo hapo Arusha. Upande wa Moshi kuna Lyamungu, ambako utafiti wa kahawa ulianza mwaka 1934 na ambako TaCRI, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, wako tangu 2001. Tatizo ni wakati. Mkulima huitwa kutoa maoni pale ambapo mambo makubwa yameshaamuliwa.

Fuatilia aina moja ya maharage. Mtafiti huchagua wazazi na kuwachanganya. Hufuata vizazi vitano au sita vya kuchuja, kisha majaribio ya mavuno kituoni na katika maeneo kadhaa, kisha majaribio ya kitaifa yanayosimamiwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ndipo kamati ya taifa huidhinisha. Kazi nzima hukaribia miaka kumi. Ile siku ya wakulima, yenye turubai na chakula cha mchana, huja karibu na mwisho, wakati zimebaki aina sita au nane. Rangi, ukubwa wa punje na umbo la mmea vimeshafungwa zamani, na mamia ya mbegu za majaribio zilizotupwa njiani hakuna mkulima aliyeziona.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza njia gani ni nzuri, kikundi kijiulize: uamuzi tunaotaka kuugusa bado uko wazi? Njia tano zifuatazo hazishindani sana kwa ubora. Kila moja inagusa uamuzi tofauti, na ukichukua ya kwanza kwa kazi ya nne utaishia na picha za mkutano na orodha ya posho.

| Njia | Uamuzi unaogusa | Watu | Muda | Panapovunjika |
|---|---|---|---|---|
| Kura ya shambani | Aina ipi iendelee, ipi iachwe | 30–60 | Msimu mmoja | Watu kufuatana |
| Vifurushi vitatu | Aina ipi inafaa wapi na kwa nani | 60 na zaidi | Msimu mmoja au miwili | Kumbukumbu kupotea |
| Kamati ya utafiti ya kijiji | Swali gani lijaribiwe kijijini | 4, na kijiji nyuma yao | Misimu mitatu | Mtafiti kutotambua matokeo |
| Baraza la wakulima | Kituo kifanye utafiti gani | 15–25 | Siku 4–5, na miezi ya maandalizi | Kutojibiwa |
| Kiti kwenye bodi | Bajeti na mpango wa mwaka | 1–2 | Miaka | Mwakilishi kumezwa |

Dodoso hatukuliweka. Mtu anayekuja na maswali yake, akajaza majibu na kuondoka, amekusanya taarifa tu. Uamuzi haujahama mikononi mwake.

Kura ya shambani

Hii ndiyo inayojulikana zaidi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Aina zote hupandwa mahali pamoja, kituoni au kwenye shamba la kikundi, kila moja kwenye kitalu chake. Wakulima hupita, huangalia na kupiga kura. Ikifanywa mapema ina nguvu kubwa. Nchini Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1980, Louise Sperling na wenzake waliwaleta wanawake mabingwa wa maharage kwenye vitalu vya kituo wakati aina zilikuwa bado nyingi. Aina walizochagua wanawake hao, zilipopandwa mashambani kwao, zilifanya vizuri kuliko mchanganyiko waliokuwa wakilima.

Maharage yaliyopandwa mwishoni mwa Machi hutoa maua karibu na katikati ya Mei na kukomaa mwishoni mwa Juni. Panga ziara mbili: moja maganda yanapojaa, nyingine siku chache kabla ya kuvuna. Ziara moja haitoshi, kwa sababu mmea unaopendeza mwezi Mei wenye majani mapana ya kijani unaweza kuwa ndio uliochelewa na kukutwa na jua la Juni maganda yakiwa matupu.

Kwenye kila kitalu funga bahasha ya kaki yenye tundu dogo juu. Andika namba tu, usiandike jina la mbegu. Mpe kila mpiga kura punje tatu za mahindi za kutia kwenye aina tatu anazozipenda, na punje moja ya mbaazi ya kutia kwenye ile asiyoitaka kabisa. Wanawake wapewe mahindi meupe na wanaume ya njano, ili hesabu zitenganishwe bila kumuuliza mtu jina. Hesabu yenyewe ni nyepesi: toa kura za kukataa kwenye kura za kupenda, kisha gawanya kwa kura zote zilizopigwa. Watu 40 wana kura 120 za kupenda na 40 za kukataa, jumla 160. Aina iliyopata 30 za kupenda na 6 za kukataa inabaki na 24, ukigawanya kwa 160 ni 0.15. Fanya hivyo kwa wanawake peke yao, kisha kwa wanaume peke yao. Pale namba hizo mbili zinapoachana sana ndipo penye habari, na ndipo pa kukaa na kuulizana sababu. Mara nyingi mmoja anaangalia bei ya gunia na mwenzake anaangalia kuni.

Bahasha zenye tundu si urembo. Punje zikiwekwa kwenye bakuli la wazi, mtu wa kumi anahesabu za wenzake kabla hajaangalia mmea. Tatizo la pili ni kutembea msafara mmoja nyuma ya mwenyekiti: gawa watu makundi manne, kila kundi lianzie kona yake. La tatu ni mtaalamu kusimama kwenye kitalu akieleza sifa za aina "yetu mpya". Abaki kwenye turubai hadi kura zihesabiwe. Na weka mbegu ya kulinganishia, ile watu wanayoilima sasa, katika vitalu viwili vilivyo mbali. Vikipata kura tofauti sana, ujue udongo wa shamba lile haulingani, na matokeo yote yachukuliwe kwa tahadhari.

Kura ya jicho haijui jikoni. Baada ya mavuno fanya jaribio la kupika: gramu 200 za kila aina, zote za msimu huo huo maana maharage ya zamani huchelewa kuiva, sufuria zinazofanana, maji sawa, bila magadi. Andika dakika hadi punje ibonyee kwa vidole. Onja kwanza bila viungo, kisha na chumvi tu, na uliza mambo manne: mchuzi unakuwa mzito? Ganda linabaki mdomoni? Yakilala hadi kesho yanabadilika? Yanafaa makande na kiburu? Aina iliyoongoza shambani kuangukia jikoni ni jambo la kawaida.

Udhaifu ambao hakuna bahasha itakayouondoa ni kwamba shamba ni moja. Kitalu cha kituo kiko juani na kina maharage peke yake. Mkulima wa kihamba anapanda chini ya mgomba na kahawa, na wa tambarare anachanganya na mahindi. Kura hapo inasema aina ipi inapendeza kwenye shamba lile.

Vifurushi vitatu

Watafiti huiita trikoti. Ilienezwa na Jacob van Etten na wenzake wa shirika la kimataifa la utafiti la Bioversity International, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 kutoka Nicaragua, Ethiopia na India yalijumlisha vitalu zaidi ya 12,000 vya wakulima. Wazo lake ni dogo. Mkulima mmoja hawezi kulinganisha aina tisa nyumbani kwake, lakini tatu anaweza. Mpe tatu, zimeandikwa A, B na C, na umuulize maswali mawili tu kwa kila sifa: ipi bora, ipi ya mwisho? Ya katikati inajulikana yenyewe. Wakulima wengi wakijibu hivyo, kila mmoja na tatu zake, mpangilio wa zote tisa hujitokeza.

Kwa kikundi cha Arusha au Moshi chenye wanachama waliotawanyika kuanzia kihambani hadi tambarare, hii ndiyo njia tunayoipendekeza kabla ya nyingine, hivyo tutaieleza kwa kirefu.

Kugawa aina tisa si lazima uwe na kompyuta. Ziandike kwenye mraba wa tatu kwa tatu:

1 2 3
4 5 6
7 8 9

Mistari ya kulala inatoa 123, 456, 789. Ya kusimama inatoa 147, 258, 369. Ya mshazari, ikizunguka pembeni, inatoa 159, 267, 348, na upande wa pili 168, 249, 357. Hizo ni tatu-tatu 12, na kila aina imekutana na kila mwenzake mara moja tu. Rudia mara tano upate vifurushi 60 kwa wakulima 60. Kila aina itapandwa mara 20 na kila jozi itakutana mara tano. Ndani ya kila kifurushi, ipi iwe A, B au C iamuliwe kwa vikaratasi kwenye kofia. Daftari la nani amepata nini likae kwa mratibu mmoja, na nakala ya pili kwa mtu mwingine anayeishi nyumba tofauti. Daftari likilowa na nakala hakuna, msimu umekwenda. Wenye intaneti wanaweza kutumia programu ya ClimMob, ambayo hugawa vifurushi na kuchambua majibu bila malipo.

Kitalu kimoja kiwe mistari mitano yenye urefu wa mita 4, sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mashimo, punje moja kila shimo. Hiyo ni mita za mraba 10 na punje 200. Weka 220 kwa ajili ya kurudishia zisizoota. Hesabu punje, usipime uzito: aina ya punje kubwa kama Lyamungu 90 itakuwa na uzito wa karibu gramu 100 kwa idadi hiyo, lakini ya punje ndogo ni nusu yake au chini zaidi, na ukigawa kwa gramu utakuwa umeipa miche mingi. Hesabu pakiti ya kwanza ya kila aina, tafuta kikombe kinachoitosha hadi ukingoni, kisha kitumie kikombe hicho kwa aina hiyo tu. Kwa aina ya punje kubwa pakiti 20 zitakula takribani kilo mbili. Omba kilo tatu.

Vitalu vitatu vikae bega kwa bega, vikifuata kontua. Kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, ukivipanga kutoka juu kwenda chini, cha chini kitakula mbolea iliyosombwa kutoka vya juu na kitaonekana mshindi. Vipandwe siku moja, vipaliliwe siku moja. Kama mkulima huchanganya na mahindi au hupanda chini ya migomba, afanye hivyo hivyo, mradi vitalu vyote vitatu vipate kivuli kilekile. Kuchanganya si kosa. Ndicho kituo kisichoweza kukuonyesha.

Majibu huchukuliwa mara nne: wiki mbili baada ya kuota, maganda yanapojaa, siku ya kuvuna, na baada ya kupika. Karatasi ya mkulima wa kifurushi namba 37 ikirudi inaweza kusomeka hivi: kuota, bora B, mwisho C, magonjwa ya majani, bora A, mwisho C, mavuno, bora A, mwisho B, kupika, bora C, mwisho A, ungenunua ipi, C. Usiisahihishe. C imeshindwa shambani lakini mama mwenye nyumba ameichagua, na sababu yake iandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Kwa simu, swali liwe fupi: "Mama, kati ya A, B na C, ipi ungepanda tena msimu ujao? Na ipi hutaki hata kuiona?" Ukianza na "unaonaje hizi mbegu zetu," utapewa jibu la adabu, kwamba zote ni nzuri.

Yanayoharibu ni mambo ya kawaida kabisa. Mkulima anaona punje za A zinapendeza, anaipa ardhi karibu na zizi. Watoto wanachuma maganda mabichi ya kitalu kilicho karibu na jiko. Mavuno ya vitatu yanaanikwa turubai moja. Namba ya simu inabadilika. Mbuzi hatuwahesabu, lakini andika aliingia kitalu kipi. Tegemea kupoteza kifurushi kimoja kati ya vitano, na ukianza na wakulima 60 bado utabaki na majibu ya kutosha. Ukianza na 20 hutakuwa na kitu.

Kuna udanganyifu mmoja wa kuuzoea: herufi A, B, C zimekusudiwa kuficha jina, lakini mkulima wa Hai anaijua rosekoko kwa rangi hata ukiiandika nini. Haidhuru sana, mradi usiahidi kwamba majibu hayakuathiriwa na mazoea.

Majibu yarudi kabla ya vuli. Mkutano wa mrejesho ufanyike Septemba, na kila mkulima apewe karatasi yake: A ilikuwa aina gani, B ipi, C ipi, na kikundi kizima kilisemaje. Watu wa Tengeru usiwaite Jumatano wala Jumamosi, ni siku za soko. Asiyerudishiwa majibu hatapokea kifurushi cha mwaka unaofuata, na yuko sahihi.

Kwa mnafu, mchicha na ngogwe njia ni ileile, ila "mavuno" yageuzwe kuwa "ipi ilichumwa mara nyingi zaidi". Kwa kahawa isahau: mche unahitaji karibu miaka mitatu kufikia zao la maana, na hakuna mratibu wa kikundi atakayetunza daftari la A, B, C kwa muda huo.

Kamati ya utafiti ya kijiji

Njia mbili za kwanza zinamwacha mtafiti aamue nini kilinganishwe. Kamati inageuza hilo. Mfano wake unatoka Colombia, ambako CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha nchi za joto, kazi ikiongozwa na Jacqueline Ashby, walianza mwaka 1990 kuunda kamati za wakulima wanne waliochaguliwa na kijiji, zikiwa na mfuko mdogo wa fedha wa kufidia jaribio likishindwa. Kijiji kinakutana na kuchagua swali moja. Kamati inalijaribu kwanza kwenye eneo dogo, kisha eneo la kati, na likifaulu mara zote mbili linapandwa kwa wingi.

Maswali yanayofaa ni yale ambayo kituo hakitayagusa kwa sababu ni madogo mno: samadi debe moja au mawili kwa mstari wa mita kumi? Maharage yapandwe siku moja na mahindi au baada ya palizi ya kwanza? Majivu na pilipili kavu vinazuia fukusi kwa miezi mingapi? Swali kama "tupandishe kipato" halijaribiki. Swali moja, jambo moja linalobadilika, mengine yote yabaki sawa.

Panapoumiza ni hapa: kamati inafanya kazi safi misimu mitatu, kisha mtafiti anasema hakuna marudio, hivyo si takwimu. Dawa ni kupanda jaribio lilelile kwenye mashamba matatu ya watu watatu, kila moja likiwa na sehemu ya kulinganishia, na kumwomba mtafiti aweke sahihi kwenye mchoro wa vitalu kabla mbegu haijaingia ardhini. Akishasaini mpango, ni vigumu kuyakana matokeo.

Jambo jingine lisiloandikwa mara nyingi: mbegu za asili. Kamati ikimkabidhi mtafiti mbegu zake, iandikwe karatasi ya ukurasa mmoja inayotaja aliyetoa, kijiji, kiasi, na matumizi yaliyokubaliwa. Kwamba kikundi kimebaki na mbegu hiyo. Na kwamba ikitumika kama mzazi wa aina mpya kikundi kitaarifiwa na kutajwa. Tanzania ina sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na inayotumika ni ya 2012. Anayesajili ndiye mwenye karatasi, na mkulima aliyetoa mbegu kwa mdomo hana pa kushika.

Baraza la wakulima

Hili hufanya kazi kama jopo la wazee wa mahakama. Wakulima 15 hadi 25 wanasikiliza mashahidi wa pande zinazopingana, wanawahoji, wanajifungia, kisha wanatoa uamuzi wa maandishi. Jimbo la Andhra Pradesh nchini India lilikuwa na baraza la namna hii mwaka 2001 kuhusu mwelekeo wa kilimo chao. Januari 2006, huko Sikasso nchini Mali, wakulima walisikiliza hoja za mbegu zilizobadilishwa vinasaba, wakazikataa, na kutaka utafiti uimarishe mbegu zao za asili.

Ni njia ghali, na ndiyo pekee hapa inayogusa swali la kwanza kabisa, yaani utafiti gani ufanyike. Inafaa kwa swali kama hili: je, katika miaka mitano ijayo kazi ya maharage ya ukanda wa juu ichujwe chini ya kivuli cha migomba au iendelee kwenye shamba wazi? Lina pande mbili za kweli, linamhusu kila mwenye kihamba, na mkuu wa kituo anaweza kulitekeleza. "Mustakabali wa kilimo Kaskazini" ni swali la hotuba.

Wajumbe wapatikane kwa kura ya bahati kutoka daftari la kaya za kila kitongoji, nusu wanawake, na asiwepo kiongozi wa chama wala mwenye duka la pembejeo. Ukimwachia mwenyekiti wa kijiji achague, utaletewa walewale wanaohudhuria kila semina. Mashahidi wasipungue watano: mzalishaji wa mbegu, mtafiti wa udongo, mfanyabiashara anayenunua kwa gunia, afisa ugani, na mkulima kutoka wilaya nyingine. Kila mmoja apewe dakika 20 za kueleza na 40 za kuhojiwa, kwa Kiswahili, bila slaidi. Mtafiti asiyeweza kueleza kazi yake bila slaidi za Kiingereza apewe wiki mbili zaidi za kujiandaa. Msimamizi asitoke kituoni wala kwa mfadhili, na wawepo waangalizi wawili watatu wa nje watakaosaini kwamba hakuna aliyesukumwa.

Kabla ya yote, barua. Mkuu wa kituo aandike kwamba swali halijaamuliwa, na kwamba atajibu kila pendekezo kwa maandishi ndani ya siku 60: ndiyo, hapana, au baadaye, na sababu. Bila barua hiyo msifanye baraza. Afadhali fedha zile zinunue vifurushi.

Tarehe nayo ina uzito. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, Bunge la bajeti hukaa Aprili hadi Juni, na mipango ya taasisi huandikwa miezi kadhaa kabla. Baraza la Mei linazungumza na bajeti iliyofungwa. Agosti hadi Oktoba ndio wakati wake. Lakini lisifanyike ndani ya maonyesho ya Nanenane pale Themi, Arusha, maana mgeni rasmi akichelewa saa tatu, shahidi wa kwanza hasikilizwi tena. Nanenane itumieni kupata miadi.

Kiti kwenye bodi

Kwa kahawa hili lina maana kuliko kwa maharage, kwa kuwa TaCRI iliundwa kama taasisi inayoendeshwa na wadau na vyama vya msingi vina mlango wa kuingilia. Tatizo lake ni la kibinadamu: mtu mmoja kati ya wataalamu kumi, makabrasha yamefika jana yake, na yako kwa Kiingereza. Ombeni viti viwili, kimoja cha mwanamke. Makabrasha siku saba kabla, na muhtasari wa Kiswahili. Mwakilishi aende na karatasi ya mambo matatu yaliyopitishwa na kikundi, arudi na majibu ya matatu hayo ndani ya wiki mbili. Asiporudi mara mbili, abadilishwe.

Kwa hiyo mchague ipi?

Kama kituo kimewafuata na aina chache zilizo tayari, na mnataka kuzuia isiyofaa isipite, chukueni kura ya shambani na mshikilie jaribio la kupika. Kama wanachama wako kwenye miinuko tofauti na mnabishana kila mwaka kuhusu mbegu, vifurushi. Kama mna swali lenu ambalo hakuna aliyelijibu, kamati, lakini saini ya mtafiti kwanza. Baraza liachieni mtandao mkubwa wa vikundi vya wakulima kama MVIWATA au muungano wa vikundi wenye fedha na uvumilivu wa kufuatilia majibu mwaka mzima. Kikundi cha watu 25 hakitalimudu.

Vifurushi na baraza vinashikana vizuri kuliko jozi nyingine yoyote. Majibu ya vifurushi ya misimu miwili yakiwekwa mezani, shahidi hawezi kusema wakulima wanakisia. Kwa mpangilio huo, masika ya mwaka wa kwanza na wa pili ni ya vifurushi, na baraza ni Septemba ya mwaka wa pili.

Barua ya kuomba mbegu za majaribio ipelekwe kituoni kabla ya Desemba, kupitia ofisi ya kilimo ya halmashauri. Itaje idadi ya wakulima na vijiji, kilo kwa kila aina, jina la mratibu na anayetunza nakala ya daftari, na tarehe ambayo mtafiti anaalikwa kusikiliza mrejesho. Iambatane na karatasi tupu ya maswali, ili aongeze swali lake moja au mawili kabla haijachapwa. Yakizidi mawili, mkatalieni.